Ini na Chakula cha Kujenga Mwili

Hapa Kumsenga, kama ilivyo sehemu kubwa ya Kibondo na Kasulu, maharage hayakosi chunguni. Tunayalima, tunayauza, tunayala kwa ugali, kwa ndizi na kwa muhogo. Wazee walioshiriki kampeni ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975 wanakumbuka kwamba maharage yaliwekwa katika kundi la vyakula vya kujenga mwili, pamoja na nyama, samaki, maziwa na mayai. Hilo ni kweli mpaka leo.

Lakini yapo maneno yanayosemwa pale mtu anapougua ini. Husemwa kwamba maharage ni sumu kwake, nyama ni sumu, dagaa ni sumu. Apewe uji mtupu na ndizi. Maneno hayo hayakuanza kwetu. Zamani hata madaktari waliyasema. Siku hizi madaktari wameyaacha, lakini sisi nyumbani tunaendelea kuyashika, na wagonjwa wanakondea mikononi mwetu. Katika somo hili tutaona kwa nini yalisemwa na kwa nini yameachwa.

MAHARAGE YAKIFIKA TUMBONI

Chakula cha kujenga mwili kina kitu kinachoitwa protini. Protini ni kama nyumba ya matofali. Fundi akitaka kuhamisha nyumba, haibebi nzima. Huibomoa, hutoa tofali moja moja, kisha hujenga nyumba nyingine mahali pengine. Tumbo na utumbo hufanya hivyo hivyo. Hubomoa protini ya maharage mpaka yabaki matofali yake. Matofali hayo huitwa amino asidi.

Mwili wa binadamu hujenga protini zake kwa amino asidi za aina 20. Aina 9 kati ya hizo mtu mzima hawezi kuzitengeneza mwenyewe. Lazima azile. Mahindi yana upungufu wa amino asidi moja iitwayo laisini. Maharage yana laisini nyingi. Kwa hiyo bibi zetu waliopika mahindi na maharage katika chungu kimoja walikuwa wanatimiza matofali yote, ingawa hakuna aliyewafundisha jina la laisini.

KAZI YA INI

Ini liko upande wa kulia, chini ya mbavu. Kwa mtu mzima lina uzito wa karibu kilo moja na nusu. Damu inayotoka kwenye utumbo haiendi moja kwa moja mwilini. Hupita kwanza kwenye ini, kwa mshipa mmoja mkubwa. Mkulima wa kahawa atalielewa jambo hili upesi. Kahawa ya kila mwanachama hupita kwanza kwenye ghala la chama cha msingi. Pale hupimwa, huchambuliwa, kisha hupelekwa inakotakiwa. Ini ndilo ghala hilo.

Ini hupokea amino asidi na kuamua. Nyingine huziachia ziende kwenye misuli. Nyingine hujenga nazo protini za damu. Moja ya protini hizo huitwa albumini. Kazi yake ni kuyashika maji yasitoke ovyo ndani ya mishipa ya damu. Nyingine ni zile zinazofanya damu igande mtu akijikata na jembe. Ini lisipozitengeneza protini hizi, hakuna kiungo kingine kitakachojaza nafasi yake.

Zipo pia amino asidi zinazozidi. Mwili hauna ghala la kuzihifadhi kama unavyohifadhi mafuta. Zinazozidi huvunjwa ili zitoe nguvu. Zikivunjwa, kunabaki uchafu mmoja ambao mkulima anaujua kwa pua yake.

AMONIA NA UREA

Ingia asubuhi katika zizi la mbuzi ambalo halikufagiliwa siku nyingi. Utasikia harufu kali inayowasha macho. Hiyo ni amonia. Amonia hiyo hiyo hutokea ndani ya mwili amino asidi zinapovunjwa, na nyingine hutengenezwa na vijidudu vilivyomo ndani ya utumbo. Ikiwa nyingi kwenye damu ni sumu, hasa kwa ubongo.

Ini huichukua amonia na kuigeuza kuwa kitu kingine kisicho na ukali huo. Kitu hicho kinaitwa urea. Ndiyo, ndugu msomaji, ni urea ile ile unayoijua katika mifuko ya mbolea. Ya mfukoni hutengenezwa kiwandani, ya mwilini hutengenezwa na ini, lakini ni kitu kimoja. Urea huingia kwenye damu, hufika kwenye figo, na hutoka kwa mkojo. Njia hii ya ini iligunduliwa Ujerumani mwaka 1932 na daktari Hans Krebs akisaidiana na Kurt Henseleit. Kwa hiyo mtu mzima mwenye afya huweza kula maharage kila siku ya maisha yake bila amonia kumdhuru.

INI LIKIUGUA

Ini huugua kwa njia nyingi. Iko homa ya ini aina ya B, inayoenea kwa damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Iko pombe. Hapa najua wengine watataka kufunga kitabu. Wasifunge. Pombe ya ndizi na gongo hazilingani kwa ukali, lakini kilevi chake ni kimoja, na ini halijui kilitoka kwenye chungu gani. Kiko kichocho cha tumbo, ambacho huwapata watu wanaooga na kuvua katika maji yenye konokono wa kichocho. Mayai yake huziba mishipa midogo ya ini. Tena iko sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota katika mahindi na karanga zilizohifadhiwa zikiwa mbichi. Mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu 68 waliugua kwa sumukuvu, na 20 kati yao walikufa. Kenya mwaka 2004 waliougua walikuwa 317, waliokufa 125. Ini ndilo lililoshambuliwa.

Ini likiumizwa mara moja, huweza kupona na hata kuota upya. Likiumizwa miaka mingi hupata makovu. Kovu halifanyi kazi. Ni kama shamba lililojaa mawe: eneo ni lile lile, mavuno hayapo.

Sasa tazama nini hutokea. Albumini hupungua, na damu hupita kwa shida katika ini lenye makovu. Maji hutoka kwenye mishipa na kujaa tumboni na miguuni. Protini za kugandisha damu hupungua, na fizi huvuja damu. Amonia haigeuzwi yote kuwa urea. Inayobaki huzunguka na damu mpaka kwenye ubongo.

Mwili haukai bure. Misuli huja kusaidia. Misuli ya mapaja, ya mabega na ya mikono huchukua sehemu ya amonia na kuifunga ndani ya amino asidi nyingine. Msaada huo una gharama. Ili kufanya kazi hiyo misuli hutumia amino asidi tatu: lusini, isolusini na valini. Amino asidi hizo tatu hupungua katika damu ya mgonjwa. Wakati huo huo nyingine mbili, fenilalanini na tirosini, ambazo ini hupaswa kuzishughulikia, hulundikana. Matofali ya aina moja yamekwisha, ya aina nyingine yamejaa mlangoni, na ujenzi hauendi.

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu. Mgonjwa asipokula protini ya kutosha, mwili wake hubomoa misuli yake ili upate amino asidi. Misuli ikipungua, ule msaada wa kuondoa amonia nao hupungua. Amonia huzidi. Kwa hiyo mtu aliyenyimwa maharage ili amonia ipungue, huishia kuwa na amonia nyingi zaidi, na mwili wa mifupa.

MFANO WA DAFTARI

Tumfikirie baba mmoja, mkulima na mwanakisomo. Alikunywa gongo miaka mingi. Tumbo limejaa maji, macho yana manjano, na hospitali wamesema ini lake lina makovu. Siku moja ndugu yake anafika nyumbani kumjulia hali.

"Shemeji," anamwambia mke wa mgonjwa, "maharage haya yatamwua kaka. Mpe uji na ndizi tu."

Mke anatii, kwa kuwa neno la shemeji lina uzito. Mwezi unapita. Tumbo la mgonjwa ni lile lile, lakini mabega yamebaki mifupa. Mchana kutwa analala. Usiku yu macho, anatembeatembea uani na kuuliza njia ya kwenda chooni kwake mwenyewe. Anakuwa mkali kwa watoto kwa mambo madogo. Majirani wanaanza kunong'ona kuwa amerogwa.

Mke anasoma darasa moja na mumewe. Siku moja anafungua daftari la mumewe. Ukurasa wa mwezi wa kwanza, jina limeandikwa vizuri juu ya mstari. Ukurasa wa juzi, herufi zinapanda na kushuka, na moja imeachwa. Anampa kalamu, anamwomba aandike jina. Mkono unatetemeka, jina halikamiliki. Mama huyo habishani na mtu. Analifunga daftari katika khanga, na kesho yake anampeleka mumewe zahanati.

Mganga wa zahanati anazitazama kurasa mbili. Kisha anamwambia mgonjwa anyooshe mikono mbele na kuinua viganja, kama mtu anayesimamisha lori barabarani. Viganja vinashindwa kutulia. Vinaanguka na kuinuka, vinaanguka na kuinuka, kama mbawa za ndege.

"Amekwenda choo lini, mama?" anauliza mganga.

"Leo siku ya nne hajaenda."

"Basi. Huyu hakurogwa. Ni amonia imepanda kichwani. Mpelekeni Kibondo hospitali leo hii, msingoje kesho."

Hospitali wanampa dawa ya maji, tamu kama sharubati, iitwayo laktulosi. Dawa hiyo hulainisha choo na kupunguza amonia inayotoka utumboni. Mgonjwa hutakiwa kwenda choo laini mara mbili au tatu kwa siku. Baada ya siku chache akili inarudi. Anaandika jina lake, na herufi zote zipo. Muuguzi anamwambia mama: "Sasa mrudishie maharage." Shemeji, aliyekuja kuwasaidia kubeba mzigo, anasikia kwa masikio yake mwenyewe.

Mfano huu tumeutunga, lakini dalili zake ni za kweli. Madaktari wamejua tangu zamani kuwa mwandiko wa mgonjwa wa ini huharibika ubongo unapoanza kudhurika, wakati mwingine kabla mtu hajaanza kusema maneno yasiyoeleweka. Kwa nyumba yenye mgonjwa wa namna hii, daftari na kalamu ni kipimo. Aandike jina lake kila asubuhi, na tarehe kando yake. Asiyejua kuandika achore nyota.

KWA NINI ZAMANI WALIKATAZA

Mwaka 1893 wataalamu wa mji wa St Petersburg nchini Urusi, Ivan Pavlov akiwa mmoja wao, walieleza jaribio walilolifanya kwa mbwa. Waliugeuza ule mshipa mkubwa utokao utumboni, damu ikapita pembeni bila kupita kwenye ini. Baadhi ya mbwa hao walipolishwa nyama waliyumba, wakachanganyikiwa, wakapoteza fahamu. Jaribio lilikuwa sahihi. Lilionyesha kuwa ini hulinda ubongo. Baadaye madaktari wakasema: kama ni hivyo, mgonjwa wa ini asile protini. Ushauri huo ulishikwa kwa miaka mingi sana.

Kilichosahauliwa ni misuli. Mwaka 2004 madaktari wa Barcelona, Hispania, walilinganisha wagonjwa waliopunguziwa protini na wagonjwa waliopewa protini ya kawaida. Wote walikuwa wamechanganyikiwa kwa ajili ya ini. Wale walionyimwa hawakupona upesi kuliko wenzao. Tofauti ilikuwa hii tu: miili yao ilibomoka zaidi. Tangu mwaka 2013 wataalamu wa mataifa mbalimbali wamekubaliana kuwa mgonjwa wa makovu ya ini apate protini gramu 1.2 mpaka 1.5 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Hiyo inazidi hata kiasi cha mtu mwenye afya.

TUFANYE HESABU

Mgonjwa ana uzito wa kilo 60.
60 × 1.2 = 72
60 × 1.5 = 90
Anahitaji protini gramu 72 mpaka 90 kwa siku. Kama tumbo limejaa maji, uzito wa mizani si wa kweli, kwa sababu maji nayo yamepimwa. Muulize mganga uhesabu kwa kilo ngapi.

Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa kina protini karibu gramu 15. Kikombe cha maziwa gramu 8. Yai moja gramu 6. Karanga zilizosagwa, vijiko viwili vikubwa, gramu 8. Konzi ndogo ya dagaa wakavu, gramu 20 kwenye mizani, ina protini kama gramu 12. Unga wa mahindi gramu 100 una protini gramu 8. Unga wa muhogo hauna hata robo ya hiyo. Anayekula ugali wa muhogo mtupu anapata nguvu lakini hapati matofali.

Asubuhi tumpe uji wa unga wa mahindi gramu 50, karanga vijiko viwili na maziwa kikombe kimoja: 4 + 8 + 8 = 20. Mchana ugali wa unga gramu 150 na maharage kikombe kimoja: 12 + 15 = 27. Jioni hivyo hivyo, 27. Usiku kabla ya kulala, kiazi au ndizi na kikombe cha maziwa, 8. Jumla ni 82. Tumefika, na hatukuchinja hata kuku.

Chakula cha usiku kisionekane kuwa anasa. Ini lenye afya huweka akiba ya nguvu ya kutumia usiku. Ini lenye makovu halina akiba. Mgonjwa akilala na njaa usiku mmoja, mwili wake huwa kama wa mtu mzima aliyekosa chakula siku mbili au tatu. Asubuhi misuli imekwisha kuanza kubomolewa.

Maharage yana jambo jingine zuri. Yana makapi yanayosaidia choo kutoka, na mgonjwa wa ini hatakiwi kufunga choo. Yakimjaza tumbo gesi, mpe kidogo kidogo mara nyingi, yaliyolowekwa usiku kucha na kupikwa yakaiva sana. Chumvi ipunguzwe kabisa kama tumbo au miguu imejaa maji, iwe chumvi ya Uvinza au ya pwani. Dagaa waliotiwa chumvi wasitumike. Pombe iachwe yote, siyo ipunguzwe.

Dawa za dukani nazo ziangaliwe. Vidonge vya usingizi humzidishia kuchanganyikiwa. Dawa za maumivu kama diklofenaki huweza kumtoa damu tumboni na kuharibu figo. Asinunuliwe kitu kabla ya kumwuliza mganga.

Mgonjwa akitapika damu, akienda choo cheusi kama lami, akipata homa, au akianza kusinzia ovyo, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Damu iliyovuja tumboni nayo ni protini, na huleta amonia nyingi kwa mara moja. Kama hawezi kumeza vizuri, usimlazimishe uji. Utampalia.

Kwa wasiougua bado, watoto wadogo wapelekwe kliniki kwa chanjo katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Tangu mwaka 2002 chanjo ya homa ya ini aina ya B hutolewa kwa watoto wachanga nchini Tanzania pamoja na chanjo nyingine. Sisi tuliozaliwa kabla ya hapo hatukuipata utotoni. Tunaweza kuuliza hospitali juu ya kupimwa. Mahindi na karanga zikaushwe vizuri juu ya turubai, siyo juu ya udongo, na yaliyoota ukungu yasisagwe wala kupewa kuku.

MANENO MAPYA

Amino asidi: matofali yanayojenga protini.
Amonia: uchafu mkali unaotokea amino asidi zinapovunjwa.
Albumini: protini ya damu inayotengenezwa na ini.
Sumukuvu: sumu ya ukungu wa nafaka na karanga.

MASWALI

1. Damu inayotoka utumboni hupita wapi kwanza?
2. Ini huigeuza amonia kuwa kitu gani? Kitu hicho unakijua kutoka wapi tena?
3. Kwa nini mgonjwa wa ini aliyekonda misuli huchanganyikiwa upesi kuliko mwenye misuli?
4. Mgonjwa ana kilo 50. Anahitaji protini gramu ngapi kwa siku? Mpangie chakula kwa vitu vinavyopatikana nyumbani kwako mwezi huu.
5. Jadilianeni: kama shemeji yako amesema jambo na mganga amesema jingine, utazungumza naye vipi bila kumvunjia heshima?